Kaka, Angalia Hapa

Wanangu, sogezeni viti karibu na kitanda mnisikilize mpaka mwisho, maana pumzi niliyobaki nayo inatosha kuyasema haya mara moja tu, na wewe mkubwa kazime hiyo mashine huko mbele, wateja watarudi kesho. Dada yenu kitinda mimba msimwulizie. Nimemtuma asubuhi hii kwa baba yenu mdogo na bahasha, na kilichomo ndani yake nitawaambia. Najua mmeshtuka, kwa sababu ni miaka ishirini na sita sijamtaja mdogo wangu katika nyumba hii, ingawa ninyi mlikuwa mkienda kwake kwa siri na kurudi na mapera mifukoni, mkidhani baba yenu hana pua.

Mnanijua nilivyo. Mtaa mzima uliniita Bwana Kwanini, kwa kuwa nilifungua redio za watu nione sauti inakaa wapi, na hata sasa nimelala hapa najiuliza huko ninakokwenda mtu anaanza kusalimia nani. Lakini kuna jambo moja nililoogopa kulifungua, na leo nalifungua mbele yenu.

Kiwanda hiki cha uchapaji tulikianzisha wawili. Kibao cha mlangoni kiliandikwa "Kaka na Mdogo", kwa mkono wake, maana mwandiko wangu hata mbuzi wa jirani anaujua kwa ubaya. Mimi nilipanga herufi za risasi, moja moja, kinyumenyume, kama unavyojiona kwenye kioo. Yeye alisoma prufu, ile karatasi ya kwanza ya kujaribia, penseli nyekundu ikiwa sikioni, na alipokuta kosa alilizungushia duara na kuandika pembeni: "Kaka, angalia hapa." Hakuwahi kuandika "umekosea". Nilikuwa nikimcheka kwa adabu yake hiyo.

Ndipo kanisa likatuletea kazi ya kadi za Sala ya Bwana, elfu mbili. Jumapili mchungaji akawaambia waumini wazisome kwa sauti, na kanisa zima, sisi wawili tukiwa benchi la tatu, likasema, "Utusamehe makosa yetu kama tusivyowasamehe waliotukosea." Mahali pa "na" palikuwa na "si". Herufi mbili tu, wanangu. Bibi mmoja wa mbele akaangua kicheko, mchungaji akavua miwani akaifuta, na mimi nikatamani sakafu inimeze.

Jumatatu mchungaji alirudisha maboksi yote, na mbele yake na mbele ya wafanyakazi nikamgeukia mdogo wangu nikamwuliza macho yake huwa anayaacha wapi. Akasema, "Kaka, nilisahihisha. Itafute prufu." Tukaitafuta kwenye meza na kwenye takataka, haikuonekana. Nikamwita mwongo. Alivua aproni akaitundika kwenye msumari, akaenda zake na penseli yake sikioni. Wiki hiyo hiyo nikapanda ngazi nikapaka rangi juu ya "na Mdogo", kibao kikabaki "Kaka", na watu hadi leo wanauliza kaka wa nani.

Sasa sikilizeni hili, maana hata mama yenu, Mungu amrehemu, sikumwambia. Miaka kumi na moja iliyopita, walipokuja mafundi kunisaidia kuhamisha mashine ya kukatia karatasi, niliokota chini ya mguu wake karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilikuwa nimeikunja mimi mwenyewe, siku ile ya kazi ya kadi, kwa sababu mguu ulikuwa unacheza, nikachukua karatasi ya kwanza iliyokuwa karibu na mkono bila kuitazama. Nikaikunjua. Ilikuwa prufu. Duara jekundu juu ya "si", na pembeni: "Kaka, angalia hapa."

Yule niliyemwita mwongo alikuwa amesema kweli, na ushahidi wake nilikuwa nimeukandamiza kwa mashine miaka kumi na mitano.

Mtasema, basi si ungekwenda kumwomba radhi? Hilo ndilo nimejiuliza kuliko yote niliyowahi kujiuliza. Kwake ni mtaa wa pili tu. Nimefika getini kwake mara saba, siku moja nikamsikia anamfundisha mjukuu kusoma, nikajiambia ana shughuli, nikarudi. Bwana wetu alisema ukipeleka sadaka madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache pale uende ukapatane naye kwanza. Mimi kila Jumapili nilikumbuka, nikaitoa, nikarudi nyumbani kula. Na katika sala nilipofika mstari ule nilikohoa mpaka upite, hata mama yenu akawa ananichemshia maji ya tangawizi akidhani nina kifua. Hakikuwa kifua. Ilikuwa aibu, na niliipenda kuliko ndugu yangu.

Kwa hiyo ndani ya bahasha mna karatasi mbili. Ya kwanza ni prufu ile ile, na chini yake nimeandika kwa mwandiko wangu wa mbuzi: "Ulisema kweli. Mimi ndiye niliyekosea, na nimejua miaka kumi na moja nikanyamaza. Naomba unisamehe." Ya pili ni ratiba ya mazishi yangu, nimemwomba aisome kabla haijachapwa. Katika sala nimeiacha "si" makusudi. Akiifuta, nitajua. Akiiacha, mchape hivyo hivyo, isomwe kaburini kwangu, na asitokee hata mmoja wenu wa kumlaumu, maana msamaha hauchukuliwi mfukoni mwa mtu kwa nguvu.

Mali sasa. Nusu ya kiwanda ni yake na ilikuwa yake siku zote, nusu nyingine ni yako mkubwa. Nyumba ni ya watatu, isiuzwe. Na wewe mwalimu, binti yangu wa kati, wewe na kaka yako mmenuniana mwezi mzima kwa ajili ya chumba cha mbele, mnatumiana salamu kupitia kitinda mimba kana kwamba ni posta. Chumba ni cha mwalimu, lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba leo, kabla jua halijazama, kila mmoja amwendee mwenzake bila kungoja mwenzake aanze. Msiuzoee mnuno. Mimi niliuzoea, ukawa kama kiti ninachokalia kila siku, nikasahau kwamba naweza kusimama.

Nipeni maji kidogo.

Huyo nani? Kitinda mimba? Njoo, mama, kaa hapa. Mbona unalia, amekataa? Usinifiche. Nipe nishike... macho hayaoni tena, nisomee. Ameifuta? Sema tena. Amezungushia "si", ameandika "na". Asante, Bwana. Asante.

Kuna alama nyingine? Wapi? Hapo chini niliposema, "Ameacha watoto watatu." Soma alichoongeza. "Na mdogo wake." Na pembeni?

"Kaka, angalia hapa."

Naangalia, mdogo wangu. Safari hii naangalia.

Wanangu... nizikeni asubuhi, hotuba ziwe fupi. Kibao kikwanguliwe, maneno yako chini ya rangi, hayajaenda popote. Mungu awape mioyo myepesi kuomba radhi... na masikio ya kusikia mnapoombwa. Awalinde mkitoka, awalinde mkiingia. Mpendane. Nimewasamehe yote, hata mapera.

Unasemaje, mama? Anakuja? Yuko nyuma yako, anatembelea fimbo siku hizi? Fimbo ya namna gani? Fungueni mlango. Nyamazeni kidogo... nataka kusikia anavyotembea.