Mate Aliyonirudishia Bwana

Asifiwe Bwana aliyenirudishia mate kinywani! Itikieni kwa nguvu, maana kuna Jumapili nilikaa kiti kile cha nyuma nikashindwa hata kusema amina.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ndiye Baba Tumaini wa jinzi. Kazi yangu ni kuwapeleka wateja wa kutoka Dar kwenye viwanda vya jinzi vya Xintang, hapa China, na kuwasemea kwa Kichina. Nikianza kubishana na laoban, bosi mwenye kiwanda, hata awe na kiburi gani, bei inashuka. Mdomo ndio jembe langu, na nilijivunia sana.

Basi madaktari wakanikuta na saratani ya tezi, hapa shingoni. Wakanipangia dripu sita za dawa kali za saratani. Baada ya mbili uvimbe ukaanza kupungua, tukashangilia. Lakini zile dawa kali zikanichubua kinywa chote! Ulimi, mashavu, ufizi, vidonda vitupu. Daktari akasema nisipoanza kula kufikia Alhamisi, dripu ya tatu itaahirishwa. Nikauona akilini uvimbe unarudi. Niliogopa, ndugu zangu! Niliogopa kufa ugenini.

Nikafanya nini? Nikafunga kavu! Nilipanga siku tatu bila chakula wala maji, bila kumwambia daktari. Na kila saa nasukutua dawa kali ya kuua vijidudu, ile inayochoma mpaka machozi, nisibakize hata kimoja. Nilidhani hiyo ndiyo imani.

Siku ya pili, Jumapili ile baada ya ibada, dada Neema akanifuata nyumbani. Mnamwona pale, anasomea udaktari wa meno. Alikuja na pakiti za unga wa kahawia, dawa ya mitishamba ya Kijapani wanayoichunguza maabara kwao, akitaka tukamwonyeshe daktari wangu. Akafungua moja. Harufu ile! Ilikuwa harufu ya chungu cha mganga aliyenichanja utotoni. Nilipookoka nilichoma hirizi zote, nikaapa mzizi hautaingia tena mdomoni mwangu. Nikazisukuma pakiti zikamwagika chini. Kusema siwezi, nikamwandikia kwenye simu: "Peleka uganga wako huko!"

Akaziokota taratibu, akaitazama midomo yangu iliyokauka na chupa ya kusukutua mezani. Akasema, "Kaka, hii ni tangawizi na mizizi mingine, yote imeandikwa hapa. Mungu amekuwekea walinzi kwenye mate na kwenye ngozi ya kinywa chako, wanaua vijidudu. Sisi tunachunguza kama dawa hii inawaamsha. Siwezi kukuahidi kitu. Lakini wewe unawamaliza kwa kiu na kwa hiyo chupa yako."

Nikasimama nimkemee. Nikafungua kinywa niliite jina la Yesu. Ulimi ukagandamana na kaakaa! Nikajaribu tena, jina halikutoka. Hapakuwa na pepo pale, ndugu zangu. Palikuwa na ukavu, na niliuleta mimi. Nimefunga ili nimwite Bwana, kumbe nimejinyima mate ya kumwitia!

Nililia. Nikanywa maji kwa kijiko, yanachoma, nameza.

Jumatatu asubuhi tukaenda hospitali. Niligombezwa kama mtoto! Daktari akanitundikia maji, akaitupa chupa yangu ya kusukutua, akazisoma zile pakiti, akaniruhusu kuzitumia. Nakoroga, nashikilia mdomoni, chungu ajabu, natema. Jumanne hakuna kitu. Jumatano mchana hakuna kitu, na kesho ndiyo Alhamisi! Jioni nikasikia mate yakinijia chini ya ulimi. Asubuhi nikamaliza bakuli la uji wa mchele. Daktari akamulika tochi, akavuta shavu hili, akavuta hili. Akasema, "Keyi." Inawezekana! Dripu ikatundikwa siku ileile.

Ni ule unga? Ni maji? Dada Neema mwenyewe anasema hajui, bado wanachunguza. Mimi namshukuru Mungu aliyewaweka wale walinzi kabla sijajua kwamba wapo. Zimebaki dripu mbili, na uvimbe sasa unautafuta kwa kidole.

Wewe unayeumwa na kujificha nyuma ya mfungo, mtumaini Bwana, na daktari umwambie ukweli.

Dada Neema, simama. Lile neno baya nilikuandikia kwa sababu kinywa kilinigoma. Hili nalisema kwa kinywa, mbele ya wote: nisamehe, dada yangu.