Bi Kwanini na Sura Isiyoondolewa

Ndugu, majirani na marafiki, familia inaomba masikio yenu, kwani tunayemsindikiza hakupenda kukatizwa maishani, na leo hatumkatizi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Kwanini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake fundi cherehani, akiwa binti pekee, mama yake akiuza vitambaa soko kuu, na jina hilo alilipata angali mdogo, kwa sababu ukimwambia lala atauliza kwa nini, na ukinyamaza atauliza kwa nini umenyamaza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, sekondari mwaka 1975, na chuo kikuu mwaka 1982, ambako alisomea sosholojia ya uchumi, yaani elimu ya namna watu wanavyojuana, wanavyoaminiana na wanavyooneana haya, na jinsi mambo hayo yanavyoendesha masoko na ofisi. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye baba yangu, alimtania, iweje aende chuo kusomea soko wakati mama yupo sokoni na hatozi karo, naye akamjibu, "Mama anajua kuuza, kaka. Mimi nataka kujua kwa nini wateja wanampita jirani mwenye bei nafuu, wanakuja kwake."

Tarehe 1 Julai 1986 aliajiriwa katika ofisi ya mipango ya mji, na tarehe 9 Septemba 1989 alifunga ndoa na fundi saa wa pale mlangoni mwa soko, mtu mpole aliyesema nyumba moja haihitaji waulizaji wawili, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Sehemu inayofuata tulishauriwa tuiruke, kwa kuwa wakubwa wa ofisi ile wapo hapa na tunawaheshimu, lakini marehemu aliagiza isirukwe, kwa hiyo hairukwi. Mwaka 2004, soko lilipojengwa upya, ofisi iliamua kugawa meza kwa kura, pasiwe na upendeleo, naye akaandika sura nzima katika ripoti yake kwamba kura itatawanya majirani, na muuzaji bila jirani ni nusu ya muuzaji, maana jirani ndiye humuuzia akienda kunyonyesha, ndiye humthibitishia mteja kuwa rangi haichuji, na mwenye msiba akirudi kazini, jirani ndiye humpelekea mteja wa kwanza wa asubuhi kabla yeye mwenyewe hajauza hata mita moja. Mkurugenzi alimtaka aiondoe sura hiyo, akisema soko ni meza na bei, undugu ubaki nyumbani, naye akamwuliza mbele ya kikao, "Kwa nini basi suti zako zote unanunua kwa shemeji yako?" Kikao kilicheka, mkurugenzi hakucheka, sura haikuondolewa, na mwisho wa mwezi aliyeondolewa ni marehemu mwenyewe.

Kura ikapigwa, majirani wakatawanyika, wateja wakapotea njia, mpaka Jumatatu moja wauzaji wote walipojitwika vitambaa vyao na kila mmoja akarudi kando ya mwenzake wa zamani. Askari wa soko walipouliza nani kawaruhusu, wakaonyeshwa mwanamke aliyekalia robota la vitambaa, naye akawauliza kwa nini anahitajika wa kuruhusu, na jibu hilo tunalisubiri hadi leo. Baadaye alifundisha chuoni hadi alipostaafu mwaka 2021, na sura ile aliifundisha kila mwaka.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023, akalazwa mara kadhaa, na hata wodini alichunguza jinsi wauguzi wanavyobadilishana zamu kimyakimya, daktari akimwambia apumzike, yeye akimwambia bado. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, majirani waliotupikia, na walimu wenzake. Nanyi wauza vitambaa, hakuna aliyewapangia viti, lakini mmekaa kama mnavyokaa sokoni. Jumatatu mumewe atafungua kibanda chake cha saa, na mnajua la kufanya, na akitokea mtu wa kuuliza nani kawatuma, mwulizeni kwa nini.

Pumzika kwa amani, Shangazi, sura yako tumeisoma yote.