Adela, Mama Flavian, na Pipa Lililotulia

Ndugu zetu, majirani na wote mlioacha mavuno ya ulezi mkaja kukaa nasi, familia inaomba mtusikilize kidogo, tuwasomee maisha ya mama yetu tunayemzika leo, Alhamisi tarehe 14 Juni 1979.

Marehemu Adela alizaliwa tarehe 3 Machi 1927 huko Mpui, mtoto wa tatu wa Mzee Ignasi, mkulima wa ulezi na mahindi, akabatizwa mwezi huohuo. Mwaka 1936 aliingia shule ya misheni, akasoma hadi darasa la nne, akajua kusoma, kuandika na kushona, na mwaka 1940 alirudi nyumbani kumsaidia mama yake shambani. Tangu akiwa mtoto tumbo lake halikupatana na pombe, hata togwa iliyolala siku mbili ilimtapisha, jambo ambalo wengi wenu mtashangaa kulisikia, kwa kuwa jina lake mlilijua kwa pombe.

Tarehe 9 Oktoba 1945 alifunga ndoa na Alois, fundi seremala, na Mungu akawajalia watoto watano, mmoja akatangulia akiwa mchanga, waliobaki ni Flavian, Rafaeli, Martina na Adriano. Ni kwa mama mkwe wake, Bibi Cornelia, alikojifunza kuotesha kimea, kukianika, kukisaga na kupika pombe ya ulezi, na wawili hao waligawana kazi kwa namna yao, Adela alipika na kuamua kwa pua kama imeiva, Bibi Cornelia alionja wa kwanza mbele ya wateja, maana mnajua desturi yetu, mwenye pombe asipoonja kwanza, hakuna anayenyoosha mkono. Bibi alikuwa akifuta mdomo na kusema, "Haya, sijafa, kunyweni," na watu wakacheka, wakanywa.

Mwaka 1971 Baba Alois alianguka kutoka juu ya paa akaumia mgongo, hakuweza tena kupanda wala kubeba, na tangu hapo nyumba nzima ilisimama juu ya mitungi ya mama. Bibi Cornelia alifariki mwaka 1973, na tarehe 21 Septemba 1974, siku ya Jumamosi, familia ilihamia hapa katika kijiji cha ujamaa pamoja na kaya nyingine, wengi wakiwa hawajuani. Mitungi mikubwa iliyorithiwa kwa Bibi, iliyokuwa imezoea pombe hadi udongo wake ukanukia kimea, ilipasuka yote njiani juu ya tela la trekta. Wale waliomwona mama siku hiyo wanasema hakulia, aliokota kigae kimoja, akakinusa, akakitia kwenye khanga.

Kutafuta chombo kingine haikuwa kazi ndogo. Mwenyekiti wa kijiji, kwa wema wake, alimpa pipa la chuma lililobaki kwenye kazi ya barabara, mama akamshukuru, akaliweka chini ya paa kukinga maji ya mvua, kwa sababu uchachu wa pombe hula chuma, na pombe hubadilika rangi ikawa kama maji ya kutu. Mwisho alilikuta misheni pipa la mbao, lililowahi kuwa na divai, limekauka hadi mbao zimeachana, akapewa bure. Mzee Mwinjuma, mfanyabiashara wa Katandala, alikubali kulipakia kwenye lori lake, akasema, "Mama, mimi Mwislamu, likiwa na kitu sibebi, likiwa tupu ni mbao tu."

Wanawake wenzake katika kilabu cha pombe walicheka walipoliona. Mama Silvana, ambaye naye alipika pombe na hakupenda mgeni wa kushindana naye, alichungulia katikati ya mbao akasema, "Shoga, hili si pipa, ni dirisha."  Mama alilizamisha mtoni, akalikandamiza kwa mawe, akaliacha mpaka mbao zikanywa maji, zikavimba na kukazana zenyewe, kisha akalisuuza kwa maji ya moto mara nyingi mpaka ukali wa divai ukaisha. Baba Alois, akiwa amekaa chini kwa ajili ya mgongo, alichonga bomba la mti na kizibo chake, wakalitoboa pipa vidole vinne juu ya kitako, ili machicha yabaki chini na pombe itoke safi. Wakalisimamisha juu ya matofali, likiinamia nyuma kidogo, na mama akakataza mtu yeyote kulisogeza baada ya kutiwa pombe. Neno lake lilikuwa moja tu, "Liacheni litulie."

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 1974 pipa lilifunguliwa kwa mara ya kwanza. Kwa kuogopa maneno ya watu, mtu asije akasema kitu kimedondoshwa ndani, mama alikuwa amekigongomea kizibo cha juu kwa nguvu na kukizungushia udongo. Akafungua bomba mbele ya kilabu kizima, yakatoka matone mawili, pombe ikasimama. Mzee Zenon, aliyekuwa amekaa mbele na kata yake ya kunywea, alisema polepole, "Mtungi una mdomo wazi, tunaona tumbo lake. Hili limefumba mdomo, na sasa limekataa. Mama Flavian, limekataa nini?"

Watu wakaweka kata zao chini. Hapa kwetu, kwa mgeni, swali la namna hiyo si la mchezo, ni karibu na kuitwa mchawi, na mama alijua kwamba pombe ile ikimwagwa, kitakachomwagika si ulezi peke yake, ni jina lake na chakula cha watoto wake katika kijiji hiki. Alilizunguka pipa akitazama, ndipo akakumbuka kwamba amelinyima pumzi. Akabandua udongo, akakilegeza kizibo cha juu, pipa likavuta hewa kwa sauti, na pombe ikaanza kutiririka, nyekundu, bila chicha hata moja. Lakini kitu kilichokataa kisha kikakubali kinatisha zaidi, hakuna aliyesogeza kata.

Mama akajaza kata mpaka juu. Mama Silvana alimwambia kwa sauti ya chini, "Adela, wewe hunywi." Akajibu, "Leo nakunywa." Akainywa yote mbele yao bila kupumzika, machozi yakimtoka, akafuta mdomo, akasema, "Haya, sijafa, kunyweni." Mzee Zenon akacheka mpaka akakohoa, akanyoosha kata yake. Baadaye mama alikwenda nyuma ya kilabu akatapika, na aliyemshika kichwa ni Mama Silvana, na tangu saa ile hawakupika tena kwa kushindana. Kila Jumamosi mama alionja wa kwanza, na kila Jumamosi tumbo lilimkataa, naye hakuacha.

Januari mwaka huu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, Mzee Mwinjuma akampeleka kwa lori lilelile hospitali ya mkoa, Sumbawanga, ambako madaktari walisema ni moyo, wakamtunza hadi mwezi wa tano akaomba kurudi nyumbani. Alifariki Jumanne tarehe 12 Juni 1979 alfajiri, akiwa ameshikwa mkono na Baba Alois.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Mzee Mwinjuma ambaye hakutaka hata asante, majirani mliochimba na mliopika, na wenzake wa kilabu. Pombe iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya Jumamosi hii iko nje, ndani ya pipa lake, juu ya matofali yake, na kizibo cha juu kimelegezwa. Mama mwenyewe aliagiza, "Siku yangu watu wasikae wakitazamana. Mama Silvana aonje." Basi tukitoka makaburini, Mama Silvana ataonja wa kwanza.

Pumzika kwa amani, Mama Flavian, pipa limetulia.