Filemon Ndelilio Swai, 1951–2025: Dumu Lile Halikuwa la Mbege

Marehemu Mzee Filemon Ndelilio Swai alizaliwa Machame tarehe 14 Aprili 1951, mtoto wa tatu wa Mzee Ndelilio. Wanaokumbuka wanasema alilia kwa sauti iliyowaamsha kondoo hadi Sanya Juu. Alimaliza darasa la saba mwaka 1967. Hesabu alizipenda, fimbo zilimpenda yeye.

Tangu 1970 alikuwa seremala Majengo, Moshi, na mwaka 1998 akarudi kihambani, shamba la ukoo, kwenye kahawa na ng'ombe wake. Alifunga ndoa na Eliaichi tarehe 18 Desemba 1976. Bibi harusi alitoa sharti moja: mbege, pombe ya ndizi, asiionje tena. Akakubali. Kanisani aliongoza tarumbeta zaidi ya miaka arobaini. Alipopuliza, migomba iliinama, na anayebisha akaiulize migomba yenyewe.

Mwaka 2019 uso wake ulianza kuiva ghafla kama pilipili, na tumbo likawa linaendesha. Zahanati zikamtibu minyoo, kisha amiba, kisha vidonda vya tumbo. Eliaichi alikuwa na jibu lake.

"Baba Godwin, unakunywa."

"Mama Godwin, sinywi."

Alimnusa kila jioni, asipate kitu, akasema huyu katafuna majani ya mpera. Akamshtaki kwa wazee wa kanisa. Wakamvua tarumbeta.

Januari 2021, katika hospitali kubwa mjini, daktari kijana aitwaye Kindness alimsikiliza mpaka mwisho. "Babu, niletee mkojo wako wa siku nzima, mchana na usiku. Usimwage hata tone."

Filemon akateremka mjini nyuma ya pikapu ya maziwa, amepakata dumu. Jirani yake Aristides, aliyepanda pikapu hiyo hiyo, akapaza sauti: "Mzee Swai, leo umekamatwa! Tuonjeshe hiyo mbege!"

"Onja, ila ni mkojo wangu."

"Ndivyo mnavyosema wote!" Akafungua kifuniko, akainamisha pua. Tangu siku hiyo Aristides hajaomba kinywaji cha mtu.

Mkojo ule ukasema, na kipimo cha CT kikathibitisha: uvimbe wa nadra kwenye utumbo mwembamba, mdogo kama punje ya kahawa, unaomwaga kemikali kwenye damu. Hizo ndizo zilizowasha uso na kuendesha tumbo. Tarehe 9 Machi alipasuliwa, kipande cha utumbo kikakatwa, ncha zikaungwa. Uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye ini, hivyo akawa anachomwa sindano kila mwezi. Kwa miaka minne uso ulitulia.

Eliaichi alimpigia magoti.

"Nimeshakusamehe," Filemon alisema. "Lakini ulinichafua mbele za watu. Usinisafishe jikoni."

Wazee walimrudishia tarumbeta Jumatano moja, kanisa likiwa tupu. Eliaichi naye akasema atamsafisha mbele za watu kesho, akasema Pasaka, akasema Krismasi. Aibu ilimfunga mdomo, yeye ambaye mdomo haujawahi kumshinda.

Ini lilizidiwa. Filemon alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 6 Juni 2025, Eliaichi akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja. Wazee wa kanisa mlioketi mbele, na wote mlioshika karatasi hii, mjane wake anatamka leo, kabla ya udongo: Filemon hakunywa. Alikuwa mgonjwa, na alisema kweli.

Bwana ampumzishe, na jina lake lipumzike pamoja naye.