Jina la Laurel Halikusomwa

Kijiwe cha Pell Creek kiko nje ya duka la ushirika, ukutani panapopata jua la asubuhi, mkabala na mizani ya malori. Kuna benchi moja refu la mbao, meza iliyotengenezwa kwa pipa, na birika la umeme la kahawa nyeusi ambayo mgeni akiinywa mara ya kwanza huchungulia kikombeni kuona kama kuna kitu kimefia humo. Novemba ni mavuno, foleni ya malori ya mahindi inafika mpaka kanisani, na Indiana nzima inazungumza mambo mawili tu: mahindi na mpira wa kikapu. Jumatano ile mahindi hayakutajwa kabisa. Ilikuwa siku ya kusaini, siku ambayo vijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari wanaweka sahihi ya kwenda kuchezea vyuo na kusomeshwa bure. Kinyozi Dwight, aliyebatizwa Profesa kwa sababu anasoma mitandao kuliko anavyonyoa, alikuwa amefungulia redio ya Nebraska kwenye simu yake. Kocha wa Chuo cha Prairie Forks cha hukohuko Nebraska alisoma majina ya wasichana aliowapata. Alisoma matatu. Laurel Ratliff hakuwemo.

Verlin Ratliff, babu yake Laurel, alishusha kikombe mezani taratibu. Kijiwe kinamwita Posta, maana alisambaza barua mashambani miaka thelathini na minne, mvua na theluji, na hajawahi kupoteza hata bahasha ya matangazo. Tangu wiki iliyopita alikuwa akienda kwenye sanduku lake la barua mara tatu kwa siku, kuitafuta barua ya kusaini kutoka Prairie Forks. Halikuwa na kitu.

— Labda hajamaliza kusoma, alisema Posta.

— Amemaliza, alijibu Profesa. Sasa wanatangaza trekta.

— Na mwandishi alipomuuliza juu ya Laurel?

— Si umesikia mwenyewe? Amesema, "Siwezi kumzungumzia msichana huyo."

— Siwezi! alidakia Clete Bauman, ambaye jina lake la kijiweni ni Ekari, kwa kuwa hawezi kukusalimia bila kukutajia anazolima. Siwezi! Mtu unayemtaka unashindwaje kumtaja? Mimi nikiulizwa habari za mke wangu nitasema siwezi kumzungumzia?

— Wewe ukiulizwa unalitaja trekta lako kwanza, alisema Orville Stutz.

Orville ni Refa. Alichezesha mechi za sekondari miaka ishirini, na tangu astaafu anachezesha maongezi. Alikohoa, akanyoosha mgongo, kijiwe kikajua kanuni zinakuja.

— Sikilizeni. Kocha ana nafasi nne za ufadhili. Kiangazi anazunguka kwenye mashindano, anawaambia wasichana ishirini na wawili, "Nakutaka, una nafasi kwangu." Hiyo ndiyo ofa ya mdomo. Haimfungi yeye, haimfungi mtoto. Wanne wa kwanza kusema ndiyo wanaingia. Akitokea mrefu zaidi, mmoja anatolewa kimyakimya.

— Laurel alikuwa wa kwanza kusema ndiyo, alisema Posta. Juni. Jikoni kwangu. Nilikuwepo.

— Ya mdomo, Posta.

— Neno ni neno, Refa!

Sauti yake ilipanda mpaka dereva mmoja kwenye foleni akageuka. Posta alivuta kikombe chake karibu. Baada ya ile siku ya Juni vyuo sita vilipiga simu nyumbani kwake, na vyote sita alivijibu mwenyewe: asanteni, mtoto ameshatoa neno lake. Kimojawapo kilikuwa saa moja tu kwa gari. Aliifunga milango sita kwa mkono wake, kwa sababu pale kwetu mtu akishasema ndiyo hageuki tena. Sasa ule mlango mmoja uliobaki unafungwa redioni, mtoto yuko shuleni, saa sita watamwekea meza yenye kitambaa chekundu ukumbini ili asaini mbele ya mji mzima. Asaini nini?

— Mimi nawaambia ni magoti, alisema Profesa.

— Magoti ya nani?

— Ya marehemu bibi yake. Vyuo vina kompyuta siku hizi. Unaingiza jina la mtoto, inakupa ukoo mzima. Bibi Opal si alifanyiwa upasuaji wa goti? Kompyuta imeliona.

— Opal aliteleza kwenye barafu, alisema Posta.

— Kompyuta haijui barafu.

— Ovyo kabisa, alisema Ekari. Hamjui mambo ya Nebraska nyie. Mwaka jana Indiana tuliwashinda kwa mavuno, gunia kwa gunia. Wakanuna. Mimi na ekari zangu mia sita nilihusika. Sasa wanalipiza. Wanamwambia mtoto wetu mzuri, "Njoo," anawakataa wengine wote, halafu wanamwacha. Wanadhoofisha jimbo!

— Kwa hiyo Laurel ameachwa kwa ajili ya mahindi yako, alisema Refa.

— Sijasema yangu peke yangu. Na yule jamaa aliyekuja Septemba kupima viatu vya timu, mliwahi kumwona tena?

— Yule alikuwa anauza viatu, Ekari!

— Ndivyo alivyosema.

Refa alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Profesa naye akaongeza kwamba huenda kompyuta na muuza viatu ni kampuni moja. Siku nyingine Posta angecheka kuliko wote. Leo alikuwa anamfikiria Laurel jana jioni, amesimama mlangoni na mpira kwapani, akimuuliza, "Babu, kesho utakuwa tayari?" Naye akamjibu, "Tutaona kitakachokuja." Mtoto akaangalia chini, akaenda kulala bila kula. Alijua, aliwaza Posta. Alijua wamemwacha, akaona aibu kuniambia.

Laurel ni kila kitu alichonacho. Mama yake alifariki Laurel akiwa na miaka minne, baba akaondoka na hakuandika hata kadi, na Posta ndiye angelijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiye aliyempigilia goli kwenye ukuta wa banda. Ndiye aliyekuwa akimwokotea mipira kwenye theluji akiwa bado amevaa sare ya kazi.

— Nampigia huyo kocha, alisema ghafla. Nitamwambia ukweli wake.

— Ukimtukana utamharibia mtoto kabisa, alisema Refa.

— Kuna nini tena cha kuharibu?

Wakati huohuo mama mmoja mnene mwenye koti la jinzi alikuja kutoka kwenye foleni, akajimiminia kahawa. Hakuwa wa pale. Lori lake lilikuwa na namba za jimbo jirani la Ohio. Alikunywa, akachungulia ndani ya kikombe, akakaa ukingoni mwa benchi.

— Samahanini wazee, naitwa Noreen. Nimewasikia kuanzia kule kwenye mizani. Binti yangu anacheza voliboli ya chuo, mwaka wa pili. Naweza kuuliza kitu?

— Uliza, mama, alisema Refa kwa majivuno. Kanuni zote ninazo hapa.

— Huyo mtoto ana miaka mingapi?

— Kumi na saba, alisema Posta.

— Sasa nani amesaini kama mlezi?

Ekari alimtazama Profesa. Profesa alimtazama Refa. Refa, mwenye kanuni zote, alianza kupangusa suruali yake kwa bidii ya ajabu.

— Mlezi? alisema Posta.

— Mtoto peke yake hatoshi. Mzazi au mlezi lazima aweke sahihi pia, la sivyo barua haihesabiki. Na isipohesabiki kocha haruhusiwi kumtaja hadharani, hata awe anamtaka namna gani. Kocha wa binti yangu alisema hivyohivyo kwenye gazeti, "siwezi kumzungumzia," na mimi nikalia usiku kucha bure. Nani mlezi wake?

— Mimi.

— Umesaini?

— Nitasaini nini, mama? Barua haijaja. Nimeangalia sanduku leo asubuhi mara mbili. Hiyo barabara niliihudumia mimi, na kijana aliyenirithi namwamini.

Noreen aliweka kikombe chini.

— Mzee wangu, hawatumi kwa posta siku hizi. Una simu?

Alikuwa nayo, mfuko wa kifuani, ameifunga kwa mpira wa kufungia barua. Laurel alimnunulia ili asikilize utabiri wa hali ya hewa, akamfungulia na anwani ya barua pepe ambayo Posta hakuwahi kuigusa, kwa kuwa barua isiyo na stempu kwake haikuwa barua. Profesa aliitwaa, akavaa miwani.

— Mungu wangu. Una barua mia nne na kumi na mbili hujafungua.

— Za nani hizo?

— Za mbegu... mbegu... viatu...

— Nilisema! alipiga kelele Ekari.

— ...mbegu... Prairie Forks. Siku tisa zilizopita. Prairie Forks tena. Prairie Forks, "Ukumbusho." Prairie Forks jana: "Bwana Ratliff, tunasubiri kwa hamu sahihi yako. Mwisho ni Jumatano saa sita mchana."

Refa aliangalia saa yake. Saa tano na dakika ishirini.

Posta aliinuka. Mtu aliyepeleka barua milioni kwenye milango ya watu, barua moja ya mtoto wake mwenyewe imekaa kifuani pake siku tisa. Alitaka kuipiga ile simu chini, akatamani pia kuibusu.

— Nipe, alisema. Nipe hapa.

Noreen alimfungulia. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili. Wa juu ulikuwa na mwandiko anaoujua tangu ulipokuwa wa penseli: Laurel Opal Ratliff, leo, saa moja na dakika mbili asubuhi. Wa chini ulikuwa mtupu.

— Saini, saini! alisema Ekari. Unangoja nini?

— Nasoma.

— Posta, zimebaki dakika thelathini na tano!

— Sijawahi kusaini kitu bila kusoma, sitaanza na hiki.

Akasoma mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza, na watu wazima wanne wakimpumulia shingoni. Ada ya masomo. Chumba. Chakula. Vitabu. Miaka minne, hata akiumia. Alipofika hapo pa kuumia alivuta kamasi, akajifanya ni baridi. Halafu akaweka kidole kwenye mstari. Hakuna kilichotokea. Akabonyeza zaidi. Patupu.

— Haikitambui kidole chako, alisema Profesa. Kimekuwa gome.

— Kipulizie, mzee, alisema Noreen. Kipate unyevu kidogo.

Posta alikipulizia kidole chake kama mtu anayeota moto. Akajaribu tena. Mstari mweusi ukatokea, ukapinda, ukarudi: Verlin T. Ratliff, ile T imelala ubavu. Noreen akamwonyesha pa kubonyeza. Kikatokea kialama cha kijani, na chini yake maneno: Karibu Prairie Forks, familia ya Ratliff.

Kisha simu ikalia mkononi mwa Posta, naye nusura aiangushe.

— Babu? Ilikuwa sauti ya Laurel, inahema. Babu, kocha amenipigia sasa hivi. Umesaini?

— Nimesaini.

— Nilidhani hutaki niende. Uliposema tutaona kitakachokuja, nikajua hutaki. Ni mwendo wa saa kumi kwa gari, Babu. Nikasema sitakulazimisha.

— Mimi nilidhani wao hawakutaki wewe! Nilikuwa nangoja bahasha!

— Bahasha?

— Nicheke tu, mwanangu, ninastahili. Siku tisa nimeikalia.

Laurel alicheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na Posta naye machozi yakamtoka waziwazi mbele ya kijiwe, wala hakuyafuta. Refa aligeukia ukuta. Ekari alikuwa ameshamkumbatia Profesa, anamwambia Nebraska si watu wabaya, yeye siku zote amesema hivyo.

— Nenda, alisema Posta. Unanisikia? Nenda kawafunge wote. Mimi nitakuja kwa gari kila mechi, hata theluji ifike kiunoni.

— Babu, watu wameshajaa ukumbini. Njoo.

— Nakuja.

Noreen alikuwa ameshapanda lori lake. Aliteremsha kioo, akamuuliza dereva wa nyuma kama amesikia, huyo akamuuliza wa nyuma yake, na habari ikaenda hivyo kutoka lori hadi lori: mtoto wa Ratliff amepata chuo. Noreen akabonyeza honi, akaiachia muda mrefu. Lori la pili likajibu. La tatu. Foleni nzima mpaka kanisani ikapiga honi, malori makubwa na yale mabovu ya shamba la Ekari, na njiwa wote wakaruka kutoka juu ya maghala. Posta alisimama katikati ya barabara, kofia mkononi, simu sikioni.

— Babu, ni kelele gani hizo?

— Zako hizo, mama, alisema. Zote ni zako.