Bi Mwajabu, Aliyeipaka Mashine Wanja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Bi Mwajabu binti Mgeni, aliyeendesha mashine ya kusaga pale Makurunge. Alifariki Jumanne iliyopita.

Mwaka wa sabini na nne ulikuwa wa njaa. Mahindi ya msaada yalifika, lakini bushi ya mashine, kile kipete cha chuma ambamo mhimili huzunguka, ilikuwa imelika, na vipuri havipatikani. Stoo ilibaki bushi moja. Nasema moja tu.

Dereva wa lori wa Lugoba akampa Bi Mwajabu kinywe, lile jiwe jeusi lenye utelezi. Alimwambia unga wake ukiingia kwenye oili, chuma hakisagani na chuma. Bi Mwajabu akalitwanga kinuni, akachanganya, akamimina. Mashine ikalia kama mbuzi machinjoni. Kumbe unga ule ulikuwa na mchanga! Ile bushi iliyolika ikafa palepale.

Fundi Kitwana akaja juu. "Shangazi, hii mashine, si mchuzi! Ikifa na bushi hii ya mwisho, watu warudi kutwanga. Kwa njaa hii, nani ana mikono ya kushika mchi?"

Bi Mwajabu akalirudia lile jiwe nyumbani. Bintiye, Zaina, anasimulia: "Mama alilisaga lile jiwe siku tatu, kama asagavyo wanja wa manga. Anasaga, anachekecha kwa kitambaa chembamba cha melimeli, anasaga tena. Nikimwambia apumzike, ananijibu, 'Bado linakwaruza.'"

Siku ya nne akaenda mashineni. Wanawake wamepanga foleni na vikapu vyao. Kitwana kaziba mlango.

"Shikamoo, shangazi. Lakini humimini kitu humu."

"Marahaba."

Akachovya kijiti cha wanja katika ule unga, akakipitisha jichoni mwake, watu wote wanaona. Akafumba. Akafumbua. Jicho kavu.

"Jicho langu halikutoa chozi, baba. Hicho chuma chako ni laini kuliko jicho?"

Foleni nzima ikacheka. Kitwana akapisha mlango, akaifunga bushi ya mwisho kwa mkono wake, naye Bi Mwajabu akamimina oili yenye unga ule.

Bushi ile ilidumu miezi saba, mpaka mavuno. Miezi saba, wasikilizaji. Hakuna aliyerudi kwenye mchi.

Kwa Zaina, kwa fundi Kitwana na wana Makurunge wote: poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nasi tujiulize: kazi tuliyoiharibu mbele za watu, nani kati yetu amerudi kuitengeneza mbele ya watu walewale?