Mwalimu Deus na Kihispania cha Waliovua Viatu

Baada ya miaka ishirini na mmoja darasani, Mwalimu Deus Rwechungura anastaafu tarehe 30 Juni. Wengi wetu katika kituo hiki cha lugha hapa Bur Dubai hatujawahi kuona ratiba isiyo na jina lake. Mimi nimetoka shule majuzi tu, kwa hiyo mengi nimesimuliwa na walimu wenzake, na mengine nimeyasikia kupitia ukuta wa mapokezi, ninakofanya kazi.

Mwalimu alizaliwa Muleba, mkoani Kagera. Alisomea kilimo Cuba, akarudi akizungumza Kihispania kama mtu wa Havana, kisha akaja Dubai kufundisha. Wanafunzi wake ni watu wanaotumia Kiingereza kazini: wahudumu wa hoteli, walinzi, wauguzi. Sarufi wameshaipata kwingine. Kwake huja kujifunza yale ambayo Wahispania husema wakiwa nyumbani, viatu wamevua.

Aliwafundisha kwamba mtu wa Madrid akikubali jambo husema "vale", kama sisi tunavyosema "haya". Kitu kizuri Hispania ni "guay", Cuba ni "chévere", na ukiyachanganya maneno hayo utaeleweka, ila utaulizwa ulisomea wapi. Kwenye utani, Mwingereza humvuta mwenzake mguu, Mhispania humchukua nywele. Hapo Mwalimu hujipapasa upara na kusema yeye hataniki tena. Waliochelewa aliwaambia "ponte las pilas", yaani jitie betri, changamka. Siku hizi mkurugenzi wetu, Madam Afrah, hutuambia hivyo sote kwenye vikao.

Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Carolyne, mwanafunzi wake kutoka Kericho, aliyekuwa katika miezi ya majaribio kwenye dawati la mapokezi la hoteli moja. Bibi mmoja mgeni kutoka Seville alikanyaga mkanda wa mkoba wake ngazini, akaanguka. Carolyne alimkimbilia akirudia "lo siento, lo siento", kama yeyote kati yetu angesema pole. Kwa Mhispania maneno hayo pia ni ya kuomba radhi, na bibi alielewa kwamba hoteli inakiri kosa. Akalalamika kwa meneja, na Carolyne akaambiwa akasubiri uamuzi nyumbani. Kazi ikienda, na viza inakwenda.

Mwalimu aliahirisha kipindi, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, akaenda hotelini. Aliomba ruhusa ya kuketi, akamweleza bibi kwamba kwetu anayebeba mzigo hupewa pole, anayeumwa hupewa pole, hata anayetoka kazini, na hakuna anayeuliza nani amekosa.

"Binti hakuwa anakiri kosa," alimwambia. "Alikuwa anaumia pamoja nawe."

Bibi akauliza, kama ni hivyo, mbona binti mwenyewe leo hajaja kumjulia hali. Carolyne akaitwa, wakanywa kahawa watatu. Malalamiko yakafutwa, na mwezi uliofuata Carolyne akathibitishwa kazini. Bibi amerudi Dubai mara mbili tangu hapo, na akifika huulizia kwanza dawati la Carolyne.

Mwalimu alisema kosa lilikuwa lake: aliwafundisha Wahispania wanavyotaniana, akasahau kuwafundisha wanavyofarijiana. Tangu wakati huo somo la kwanza halianzi na mzaha. Huanza na mtu aliyeanguka. Mwanafunzi hujifunza kusema "vaya, ¿le ayudo?", yaani loo, nikusaidie? na "ánimo", yaani jipe moyo. Utani hufuata wiki ya pili.

Kuanzia Julai, darasa lake la Jumamosi litashikwa na Carolyne, ambaye ameliomba mwenyewe. Mwalimu alipoambiwa alitoka nje ya ofisi, akarudi macho yakiwa mekundu, akasema ni vumbi.

Mwalimu Deus, asante kwa uvumilivu wako na kwa kicheko kinachovuka ukuta. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha na migomba isiyokusumbua. Huko Muleba huenda usimpate wa kuzungumza naye Kihispania, kwa hiyo tupigie simu. Yeyote atakayepokea atajitahidi.